Uvimbe wa taya umeisha baada ya mizunguko miwili ya dawa. Kwa nini mtoto aendelee kutibiwa?

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, tunaishi kijijini upande wa Sengerema. Taya lake la kushoto lilianza kuvimba, meno yakalegea. Zahanati wakang'oa jino moja, uvimbe ukazidi. Tukapewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, wakachukua kinyama, wakasema ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, na kwamba ndani yake kuna kirusi kinaitwa EBV. Walimpima na VVU, hana. Ameshapata mizunguko miwili ya dawa na uvimbe umeisha kabisa, anakula, anacheza. Mama mkwe anasema mtoto amepona, turudi shambani tusimalize fedha kwa nauli. Mimi sina amani. Alipokuwa mdogo nilikuwa namtafunia chakula, je, mimi ndiye niliyemwambukiza? Mdogo wake wa miaka 2 nimtenge? Na kama ni kirusi, kwa nini wasimpe dawa ya virusi kama wanayopewa wenye VVU, badala ya hizi kali zinazomnyonyoa nywele? Kitu kidogo hivyo kinawezaje kuvimbisha taya la mtoto?"

Marahaba, mama, na pole sana kwa yote mliyopitia. Umeuliza mambo mengi, lakini naona mawili ndiyo yanayokunyima usingizi: kama wewe ndiye uliyemletea mwanao ugonjwa, na kama sasa mnaweza kurudi nyumbani. Jibu la yote mawili ni hapana. La pili ni la haraka, kwa hiyo nalitanguliza: msiache dawa. Siku ya mzunguko wa tatu iliyoandikwa kwenye kadi ikifika, mtoto awe wodini. Sababu nitakueleza kwa kirefu, maana mzazi anayeelewa kinachotokea ndani ya mwili wa mwanawe hata maneno ya wakwe anaweza kuyajibu kwa upole na bila kuyumba.

Kwanza tuliondoe hilo la kutafuna. EBV hukaa kwenye mate. Kati ya watu wazima 100 duniani, zaidi ya 90 wanacho mwilini, na mimi bila shaka ni mmoja wao. Huku kwetu watoto wengi sana hukipata kabla hata ya kufikisha miaka 3: kwa kikombe cha pamoja, kwa busu la bibi, kwa kipande cha muwa kinachopita midomo minne. Hata kama usingemtafunia tonge moja, angekipata. Na karibu wote waliokipata huishi nacho mpaka uzeeni bila kuumwa kitu. Kwa hiyo usimtenge mdogo wake, kwa kuwa yamkini naye anacho tayari, na saratani yenyewe haiambukizi kwa kula, kulala wala kucheza pamoja. Walale pamoja kama kawaida yao, ila ndani ya chandarua, na sababu ya chandarua utaiona mbele.

EBV pia si VVU. Neno "virusi" linawachanganya wengi, na nimeona mama akifichwa na ndugu zake kwa sababu tu daktari alitamka neno hilo mbele yao. Kila mtoto mwenye limfoma hupimwa VVU kwa sababu VVU hudhoofisha kinga mpaka limfoma ikapata nafasi, na mwenye navyo hupangiwa matibabu kwa namna yake. Lakini VVU havikai ndani ya seli za uvimbe huu. EBV kimo ndani ya seli zenyewe, na ndiyo maana daktari wako alikitaja.

Sasa tuje kwenye swali lako zuri kuliko yote: kitu kidogo hivyo kinawezaje?

Kwenye damu na tezi zetu kuna chembe nyeupe ziitwazo seli B. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili, zile silaha za kupambana na vijidudu. Kwa kuwa silaha zikizagaa ni hatari, mwili umeiwekea seli B sheria kali: haizaani kwa kujiamulia. Unajua utaratibu wa kupata barua ya utambulisho. Mjumbe anaandika kwamba anakufahamu, ndipo mtendaji anapiga mhuri wake. Seli B nayo inahitaji vibali viwili vya namna hiyo. Cha kwanza hukipata inapokamata mdudu halisi kwa kipokezi kilicho juu ya ngozi yake. Cha pili hupewa na seli nyingine ya kinga, seli T, inayothibitisha kwamba adui ni wa kweli. Seli isiyo na vibali hivyo huambiwa ife, nayo hujivunja yenyewe kimyakimya. Kila siku ndani yako na ndani yangu seli nyingi hufa hivyo, na ndivyo tunavyobaki wazima.

EBV kikiingia ndani ya seli B hughushi vyote viwili. Kinatengeneza protini iitwayo LMP2A, ambayo hujipachika kwenye ukuta wa seli na kutoa ishara ileile ambayo seli ingetoa kama imekamata mdudu, wakati haijakamata chochote. Hiyo ndiyo barua ya mjumbe. Kinatengeneza na nyingine, LMP1, inayoiga kile kipokezi cha ruhusa ya seli T. Tofauti ni kwamba kipokezi halali huwaka kikiguswa na huzimika kikiachwa, ilhali LMP1 haingojei kuguswa, inawaka muda wote. Mhuri wa mtendaji umeibwa, na unagongwa usiku na mchana.

Hakiishii hapo. Ndani ya kiini cha seli, protini iitwayo EBNA2 huamsha jeni za ukuaji. Ndugu zake, kundi la EBNA3, hunyamazisha jeni ambayo kazi yake ni kuiamuru seli ife, jeni iitwayo BIM. Iko na nyingine, BHRF1, iliyofanana sana na protini ya seli yenyewe inayozuia kifo. Kwa hiyo seli inaambiwa "zaa" na wakati huohuo inazibwa masikio isisikie "kufa". Maabara, ukiweka EBV pamoja na seli B za mtu mzima wa afya kwenye chupa, zitaendelea kuzaana bila kikomo.

Mtu atauliza: mbona basi sote hatuna saratani? Kwa sababu protini hizi zinaonekana. Seli T za mtoto mwenye afya huzitambua na kuziua seli zinazozionyesha. Kirusi nacho kimejifunza. Kikishapata makao kwenye seli B inayoishi miaka mingi, kinakunja vitu vyake vyote na kulala. Seli inapogawanyika, kirusi huhitaji protini moja tu iendelee kufanya kazi, EBNA1. Kazi yake ni kukifunga kirusi kwenye kromosomu za seli, zile nyuzi zinazobeba jeni, kama khanga inavyomfunga mtoto mgongoni: mama akienda, mtoto yumo. EBNA1 ina kipande kirefu kinachojirudiarudia ambacho huifanya iwe vigumu kuonekana na walinzi. Kirusi kinaishi hivyo, hakidhuru, na hakina nia yoyote ya kukuletea saratani.

Hapa ndipo Burkitt inaposhangaza, na iliwasumbua watafiti miaka mingi. Ukichunguza kinyama cha uvimbe kama wa mwanao, mara nyingi huikuti LMP1 wala EBNA2. Unakuta EBNA1, pamoja na vipande vidogo vya ujumbe wa kijeni visivyotengeneza protini. Kirusi kimo, lakini kimekunja karibu kila kitu. Nani basi anaendesha gari?

Ni jeni ya mtoto mwenyewe, iitwayo MYC. Kila mtu anayo, iko kwenye kromosomu ya 8, na huiruhusu seli kukua inapohitajika tu. Katika Burkitt kromosomu hiyo imekatika, na kipande chenye MYC kimehamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni za kingamwili. Ndani ya seli B jeni za kingamwili hazizimwi kabisa, kwa sababu ndiyo kazi ya seli. MYC ikiwekwa jirani nazo, nayo haizimwi tena. Mguu umekwama kwenye pedeli ya mafuta.

Kwa kawaida hata hilo lingeishia pazuri. Seli ambayo MYC yake inaenda mbio hushtukiwa na kuamriwa ife. Ni hapo msaada wa kirusi ulipohitajika: seli ambayo imekwisha kuzibwa masikio haisikii amri. EBV hakikukata kromosomu. Kilichofanya ni kuilinda seli iliyokatika kromosomu mpaka ikawa uvimbe.

Na kukatika kulitoka wapi? Hapa inaingia malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, seli zake za B husukumwa bila kupumzika kwenye sehemu za tezi ambako hunolewa silaha zake. Huko kuna kimeng'enya kiitwacho AID ambacho hukata vinasaba vya kingamwili makusudi ili vipangwe upya vizuri zaidi. Kazi ikiwa nyingi, mara mojamoja mkasi hukata pasipostahili. Wakati huohuo malaria ya kila msimu huwachosha walinzi wanaoiangalia EBV.

Uhusiano huu haukugunduliwa maabara kwanza, uligunduliwa barabarani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa mwaka 1957 kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akamwona mwingine, akaanza kuhesabu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000, kupitia Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mnawaona watoto hawa? Kwenye nchi za joto na mvua waliambiwa ndiyo, kwenye nyanda za juu zenye baridi waliambiwa hapana. Ramani yao ilikaribia kulingana na ramani ya malaria. Vinyama vilivyotumwa London kutoka Kampala ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kukiona kirusi hiki kwa hadubini na kukitangaza mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Sehemu kubwa ya elimu hii, mama, ilitoka kwa watoto wa kanda hii ya ziwa. Watafiti walipolinganisha watoto wachanga wa Kisumu, Kenya, kwenye malaria nyingi, na wa milima ya Nandi, kwenye malaria kidogo, waliona wale wa Kisumu wanaipata EBV wakiwa wadogo zaidi. Ndiyo maana nikakutajia chandarua kwa huyo mdogo. Hakizuii mate, kinazuia mbu, na mbu ndiye tunayeweza kumzuia.

Kwa hiyo alipata kirusi ambacho karibu kila mtu anacho, malaria ambayo kila mtoto wa kijijini kwenu anaugua, na mkato mmoja wa kromosomu uliotokea kwa bahati mbaya ndani ya seli moja. Hakuna mtu nyumbani kwenu aliyefanya hilo. Si wewe, si jirani.

Tuje kwenye dawa za virusi. Zile za VVU hufanya kazi kwa kuvizuia virusi vinapojizalisha. Ziko dawa za virusi vilivyo ndugu wa EBV pia, kama asiklovia, ambazo ili zifanye kazi huhitaji kwanza kuamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, na kimeng'enya hicho hutengenezwa kirusi kinapojizalisha tu. Ndani ya uvimbe wa mwanao EBV kimelala. Kinanakiliwa na mashine za seli yenyewe, pamoja na vinasaba vyake, kila inapogawanyika. Dawa inapita, haioni kitu cha kushika. Na hata kama tungeweza kukiondoa chote leo, MYC ingebaki palepale ilipohamia.

Ndiyo sababu tunapiga seli yenyewe, wakati inapogawanyika. Saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati ni dawa kali, sikufichi. Haziwezi kutofautisha seli ya saratani na seli ya nywele, kwa sababu zote zinagawanyika upesi. Nywele zitaota tena. Lakini kasi hiyohiyo inayoufanya ugonjwa huu utishe ndiyo inayoufanya uyeyuke mbele ya dawa kuliko saratani nyingi. Burkitt na wenzake waliona hilo miaka ya 60 mwanzoni: mataya yaliyovimba kama chungwa yakirudi hali yake baada ya dozi chache. Baadhi ya watoto walipona moja kwa moja. Wengi ugonjwa uliwarudia, na kutokana nao tukajifunza kwamba dozi chache hazitoshi.

Angalia hesabu hii. Uvimbe wa gramu moja una seli kama bilioni 1. Tuseme dawa zimeua 999 katika kila 1,000. Ni ushindi mkubwa, taya linarudi kawaida, mtoto anacheza. Lakini zimebaki seli milioni 1, na hakuna mkono wala jicho linaloweza kuziona. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Kutoka milioni kurudi bilioni ni kuongezeka maradufu mara 10 tu. Ni siku 10 hadi 20, mama. Na zile zilizobaki mara nyingi ndizo zilizozoea dawa zaidi, kwa hiyo ugonjwa ukirudi huwa mgumu kuliko ulivyokuja.

Jambo jingine linalowakimbiza wazazi ni sindano ya mgongo. Husemwa kwamba hupooza mtoto. Sindano hiyo huchomwa chini kabisa, mahali ambapo uti wa neva wenyewe umekwisha na kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea ndani yake. Inatolewa kwa sababu dawa za dripu hazifiki vizuri kwenye maji yanayozunguka ubongo, na Burkitt ya taya hupenda kukimbilia huko. Mtoto anaweza kuumwa kichwa siku hiyo. Ukiikataa sindano, umeuachia ugonjwa mlango wa nyuma.

Utasikia pia habari za rituksimabu, kingamwili ya kutengenezwa inayozishika seli B. Habari ni za kweli. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, watoto wenye limfoma za namna hii zilizoenea waliopewa dawa hiyo pamoja na kemo, yaani hizi dawa kali, kama 94 katika 100 walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 82 kwa waliopata kemo peke yake. Ila jaribio hilo lilifanywa katika hospitali zenye damu ya kutosha, antibayotiki za uhakika na vyumba vya uangalizi maalumu, na dawa hii hushusha kinga kwa miezi mingi. Kwa mtoto wa kwetu mwenye malaria na labda utapiamlo, faida na hatari hupimwa upya. Mwulize daktari wake, lakini usisimamishe kemo kwa kuisubiri, na usiuze ng'ombe kuitafuta bila kuongea naye.

Hukuniuliza kuhusu kupona, lakini nadhani unataka kujua. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 katika 10 wenye Burkitt wanapona. Kwetu bado tuko chini sana ya hapo, na sababu kubwa ni watoto kuchelewa kufika, maambukizi katikati ya matibabu, na familia kuacha dawa njiani. Kuchelewa mmekwisha kukuvuka. Jino kung'olewa si kosa lako, hutokea mara nyingi, ingawa natamani kila zahanati ijue kwamba mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea bila kuoza anahitaji rufaa kabla ya koleo. Kuacha dawa kuko mikononi mwenu. Kuhusu nauli, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla hamjaondoka, uwaeleze waziwazi. Waulize kuhusu msamaha wa gharama na mahali pa kulala mzazi. Usione aibu, ndiyo kazi yao.

Maambukizi ndiyo nataka uyaogope ukiwa nyumbani. Siku kadhaa baada ya kila mzunguko chembe nyeupe zake huwa chache sana. Nunua kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msimpe panadoli mkasubiri asubuhi, na msiseme ni malaria ya kawaida. Vivyo hivyo akitoka damu puani au kwenye fizi bila kukoma, akishindwa kukojoa, miguu ikilegea, uso ukienda upande, akiona vitu viwiliviwili au akipata degedege. Dawa za mitishamba ziwekeni kando kwa sasa, kwa kuwa baadhi huumiza ini na figo ambazo tayari zina kazi nzito.

Kwa mama mkwe usiende na maneno ya daktari. Anamwona mjukuu akicheza na anataka kuamini, na mimi ningetaka vivyo hivyo. Chukua punje za mahindi, kaa naye mkekani. Weka punje 1, mwambie hii ni mbegu iliyobaki. Siku ya pili ziwe 2, kisha 4, kisha 8. Mwache aendelee kuhesabu mwenyewe. Ukifika mara ya kumi mtakuwa na punje 1,024 mbele yenu, na mwambie hayo ndiyo yanayotokea ndani ya taya wakati ninyi mko shambani. Kisha mwombe awasindikize kwenye mzunguko wa tatu, akae wodini na mjukuu wake.